Kongresi ya Marekani: kura unayoiona kwenye TV ilishaamuliwa mapema (uzi mrefu)

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani siasa za Marekani zikiguswa tu, ni Rais kasema nini na Rais kamfukuza nani. Kongresi tunaikumbuka siku serikali yao ikifungwa. Mimi nimekuwa nikiifuatilia miaka mingi, na hotuba zao huwa naziruka. Kinachonivutia ni yale yanayofanyika kabla ya mtu kusimama kuhutubia. Leo nashusha uzi. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Ninachotaka kusema ni hiki: pale Washington mkubwa ni yule anayeamua kipi kipigiwe kura, lini, na nani awemo ukumbini siku hiyo. Hoja nzuri kila mtu anayo.

Nianze na kisa cha 2025, bado kibichi.

Baraza la Wawakilishi lina viti 435, na muswada hauingii ukumbini mpaka Spika na watu wake waridhie. Hata uwe na wanaouunga mkono 300, Spika akiukalia, umekwisha. Kuna mlango mmoja wa uani. Wabunge 218, yaani zaidi ya nusu, wakitia saini hati ya kuutoa muswada kamatini, Spika hana ujanja, lazima upigiwe kura. Mlango huo haufunguki mara nyingi, kwa sababu mbunge wa chama chenye wengi akisaini hati kama hiyo, amemtangazia Spika wake vita.

Sasa Thomas Massie, Republican wa Kentucky, na Ro Khanna, Democrat wa California, wakaanzisha hati ya kuilazimisha serikali itoe mafaili ya Jeffrey Epstein, yule tajiri aliyefia gerezani akisubiri kesi ya kuwanyanyasa wasichana kingono. Wademocrat wakasaini. Kwa Warepublican, ambao ndio wengi barazani, wakasaini wanne tu: Massie mwenyewe, Marjorie Taylor Greene, Lauren Boebert na Nancy Mace. Hesabu ikafika 217. Imebaki moja.

Tarehe 23 Septemba Adelita Grijalva akashinda uchaguzi mdogo Arizona, kiti cha marehemu baba yake, na alishasema atasaini. Mchezo umeisha? Thubutu! Mbunge hasaini kitu mpaka aapishwe, na anayeapisha ni Spika. Spika mwenyewe, Mike Johnson, alikuwa keshawarudisha wabunge makwao. Akasema atamwapisha Baraza likirudi kazini. Tarehe 1 Oktoba serikali ikafungwa kwa kukosa bajeti, na Baraza halikurudi. Wademocrat wakamkumbusha kwamba Aprili mwaka huohuo aliwaapisha Warepublican wawili wa Florida kesho yake tu baada ya kushinda, na hapo pia Baraza halikuwa na kikao cha kawaida. Arizona ikaenda mahakamani. Jamaa hakutikisika.

Zikapita siku 50. Grijalva akaapishwa 12 Novemba, na alipomaliza tu akaenda kusaini.

Na siku hiyohiyo, kabla hajaapa, Boebert aliitwa White House, wakamweka kwenye Situation Room, chumba kinachotumika kwa mambo ya vita na usalama. Kwa nini yeye na kwa nini siku ile? Kwa sababu mbunge anaruhusiwa kufuta jina lake kwenye hati kabla idadi haijafika 218. Ikishafika, imefungwa. Hakulifuta.

Sasa angalia kilichoonekana kwenye TV. Tarehe 18 Novemba kura zikapigwa: 427 kwa 1. Aliyekataa ni Clay Higgins wa Louisiana peke yake. Trump mwenyewe alikuwa amegeuka siku mbili kabla na kuwaambia watu wake wapige ndiyo. Mtu aliyewasha TV siku ile angedhani nchi nzima ilikuwa kitu kimoja tangu mwanzo, kumbe ugomvi wote ulikuwa juu ya saini moja na tarehe ya kiapo kimoja.

Naweka kituo hapa, maswali yaje.

> Mkuu, kama Warepublican 200 na kitu walikuwa tayari kupiga ndiyo, kwa nini hawakusaini mapema?

Swali zuri. Kupiga kura ya ndiyo pamoja na wenzako wote hakukugharimu chochote. Kusaini ukiwa wa tano au wa sita kunakugharimu. Spika na kundi lake ndio wenye neno kubwa kwenye nafasi za kamati, ndio wanaokuja kukuchangishia fedha jimboni kwako, ndio wanaoamua kama muswada wako wa daraja utasikilizwa au utaota kutu. Halafu kuna kura za maoni za chama, nitafika huko.

Kazi ya kumjua kila mbunge anaogopa nini ni ya mnadhimu wa chama. Ana wasaidizi, ana orodha, na kabla ya kila kura nzito watu wanaulizwa mmoja mmoja: ndiyo, hapana, au bado unafikiria? Anayesema "bado nafikiria" ndiye anayependwa kuliko wote, maana huyo anauza. Nancy Pelosi, Spika wa zamani wa Democrat, alijulikana kwa hili. Kama hana hesabu kamili mkononi, muswada hauendi ukumbini.

Hesabu ikikosewa, unapata usiku kama ule wa 22 Novemba 2003. Ulikuwa muswada wa Bush wa dawa za wazee, Medicare. Kura iliitishwa kama saa tisa usiku. Kwa kawaida kura ya namna ile inapewa dakika 15. Dakika 15 zikaisha, muswada unashindwa, 216 kwa 218. Spika Dennis Hastert akaacha saa iendelee. Ikakaa wazi kwa muda wa karibu saa tatu! Wabunge wamechoka, wengine wanasinzia vitini, wengine wanakwepa macho ya viongozi wao. Hastert mwenyewe akashuka ukumbini, waziri wa afya Tommy Thompson naye yumo, anazunguka kati ya viti. Rais akaamshwa usingizini awapigie simu wakaidi.

Mmoja wa wakaidi hao alikuwa Nick Smith wa Michigan. Alikuwa anastaafu, na mwanawe alikuwa anagombea kiti chake. Tom DeLay, kiongozi wa Warepublican barazani, akamwambia kwamba akibadilisha kura, yeye binafsi atamuunga mkono kijana. Smith akagoma. Wengine wakalegea, kukaribia saa kumi na mbili asubuhi muswada ukapita 220 kwa 215. Mwaka uliofuata kijana akaanguka kwenye kura za maoni.

> Hiyo si rushwa ya wazi? Huku Afrika tungeandikwa kwenye magazeti yao yote.

Kamati ya Maadili ilichunguza, 2004 ikampa DeLay onyo la maandishi. Basi. Mwanasheria atakwambia kuahidi kumuunga mkono mtu kisiasa si sawa na kumpa bahasha. Mimi naona ni bahasha isiyo na karatasi ndani, lakini kila mtu na macho yake.

Sisemi kwamba Spika ni mungu mtu, wakuu. Muulizeni Kevin McCarthy. Januari 2023 chama chake cha Republican kilikuwa na wengi wa kupitiliza kidogo tu, na kundi dogo likamgomea. Ilichukua raundi 15 kumpata Spika, kitu ambacho hakikuwa kimeonekana tangu kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe.

Raha ya siku zile ni kwamba tuliona. Kwa kawaida kamera za ukumbini ziko chini ya Baraza lenyewe, zinaonyesha anayeongea na meza ya Spika, basi. Bila Spika hakuna kanuni, kwa hiyo kamera za C-SPAN, runinga inayorusha vikao vya Kongresi, zilizunguka zitakavyo. Raundi ya 14, usiku, McCarthy amekosa kidogo sana kwa sababu Matt Gaetz kakataa kumtaja. McCarthy akatembea mwenyewe mpaka kwenye kiti cha Gaetz, wakaongea, akarudi uso umemshuka. Mike Rogers wa Alabama akamwendea Gaetz kwa hasira, na mwenzake Richard Hudson akamdaka kwa nyuma, mkono ukamfunika mdomo na uso, akamvuta. Hapo kando Greene amenyoosha simu kumpa mbunge mwenzake wa Montana, kwenye kioo zinasomeka herufi DT, yaani Donald Trump. Watu wazima hao.

Raundi ya 15 akapita. Sehemu ya bei aliyolipa: mbunge yeyote, hata mmoja peke yake, aruhusiwe kuleta hoja ya kumng'oa Spika. Oktoba mwaka huohuo Gaetz akaileta, na tarehe 3 Warepublican wanane wakaungana na Wademocrat, 216 kwa 210, McCarthy nje.

> Umesema Spika na kundi lake wanachangisha fedha. Hebu fafanua hapo, maana tunasikia mabilioni tu.

Hapa ndipo penyewe. Tuanze na siku ya mbunge wa kawaida.

Mwaka 2013 ilivuja ratiba ya mfano ambayo Wademocrat waliwaonyesha wabunge wao wapya. Saa nne kila siku za kupiga simu kuomba fedha. Saa mbili za kamati na ukumbini. Saa moja au mbili za kuonana na wapiga kura. Soma tena, simu za fedha mara mbili ya kazi ya bunge!

Na hawapigii ofisini, sheria inakataza kuomba michango kwenye majengo ya serikali. Kwa hiyo mbunge anatoka, anavuka mitaa miwili mitatu, anaingia makao ya chama. Huko kuna vijichumba vyenye simu, orodha ya majina, na karatasi ya maneno ya kusema. Msaidizi anabonyeza namba, mbunge anaongea: habari za familia, vipi biashara, tunakukumbuka, ahadi yako ya mwaka jana. Ni mwenyekiti wa kamati ya harusi anayewakumbusha watu kadi zao, tofauti ni kwamba harusi hii iko kila baada ya miaka miwili na haina mwisho.

David Jolly, Republican wa Florida aliyeingia 2014, alieleza kwenye televisheni ya CBS mwaka 2016 kwamba uongozi wa chama chake ulimwambia alete dola 18,000 kwa siku. Akapeleka muswada wa kuwakataza wabunge kuomba fedha wao wenyewe. Haukufika popote. Mwaka huohuo akashindwa uchaguzi.

Fedha hizo si za kampeni ya mbunge peke yake. Chama kinadai ada kwa kila mbunge, na kadiri kamati unayoitaka inavyonona, ndivyo ada inavyopanda. Mwenyekiti wa kamati inayosimamia kodi halipi sawa na mbunge mgeni wa kamati ya kilimo. Ndiyo maana kuna watu wenye akili nyingi pale ambao hawapandi kamwe: hawajui kuomba.

Halafu kuna fedha zisizo na kikomo. Mtu mmoja anaruhusiwa kumpa mgombea dola 3,500 kwa uchaguzi mmoja, kwa hesabu ya 2025 na 2026. Lakini tangu maamuzi ya mahakama ya 2010 unaweza kuwapa super PAC, yaani vikundi vya kampeni vya nje, kiasi chochote, mradi wasipange mambo pamoja na mgombea. "Wasipange pamoja." Basi wanafanyaje? Mgombea anaweka hadharani kwenye tovuti yake ujumbe anaotaka urushwe, na video zake bila maneno, akitembea, akisalimia wazee, ili kikundi cha nje kije kuziokota. Mwaka 2014 kampeni ya Mitch McConnell iliweka video ya zaidi ya dakika mbili, yeye anatabasamu tu, hasemi kitu. Watu wa vichekesho waliiwekea nyimbo za kila aina. Tuliocheka tulicheka, lakini ile ilikuwa barua imetumwa na imefika.

> Bado hujasema kuhusu uchaguzi wenyewe. Si wananchi wanaweza kuwatoa?

Wanaweza, ila kura inayouma haiko Novemba. Viti vingi vya Baraza mshindi anajulikana kabla kampeni hazijaanza, kwa sababu mipaka ya majimbo ya uchaguzi, sehemu nyingi, inachorwa na wanasiasa wenyewe kule kwenye mabunge ya majimbo. Mchoraji ana kompyuta yenye historia ya kura mtaa kwa mtaa. Wapinzani anawarundika wote kwenye jimbo moja, washinde kwa asilimia 80, waliobaki anawatawanya kidogo kidogo wasifike popote. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilisema, majaji watano kwa wanne, kwamba uchoraji wa kuupendelea chama si kazi ya mahakama za serikali kuu. Milango ikabaki wazi.

Desturi ilikuwa kuchora mara moja kila miaka kumi baada ya sensa. Mwaka 2025 Texas ikachora upya katikati ya muongo, shabaha ikiwa viti vitano zaidi vya Warepublican. Wabunge wa Democrat wa jimbo hilo wakapanda ndege, wengi wakaenda Illinois, ili akidi isitimie. Walikaa huko kama wiki mbili, wakarudi, ramani ikapita. California ikajibu: Novemba wananchi wakapiga kura kukubali ramani ya kuwapa Wademocrat viti vyao. Huko kila mtu anasema anatetea demokrasia.

Mipaka ikishachorwa hivyo, kinachobaki ni kura za maoni ndani ya chama, na wanaojitokeza ni wachache mno. Juni 2018, Alexandria Ocasio-Cortez alimwangusha Joe Crowley huko Queens na Bronx, mtu aliyetajwa kuwa Spika mtarajiwa. Alipata kura 16,898, Crowley 12,880. Jimbo la watu laki saba kasoro au zaidi, na aliyeamua ni umati ambao Uwanja wa Mkapa ungeumeza na kubaki na viti vitupu. Miaka minne kabla, Eric Cantor wa Virginia, namba mbili wa Warepublican barazani, aliangushwa na mwalimu wa uchumi wa chuo, Dave Brat. Utafiti wa wapiga kura uliofanywa na kambi yake ulimwonyesha anaongoza kwa pointi 34! Kampeni yake ilitumia zaidi ya dola 160,000 kwenye migahawa ya nyama tu, kiasi kinachokaribia bajeti nzima ya Brat.

Ukishaelewa hilo, utaelewa kwa nini Warepublican 200 hawakusaini ile hati. Hawaogopi Democrat wa Novemba. Wanamwogopa Republican mwenzao wa kura za maoni.

> Haya yote sisi yanatuhusu nini? Tuna shida zetu.

Mkuu, uliza waliokuwa wakichukua dawa za ARV kupitia PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI. Mpango ule ulianza 2003, na kila baada ya miaka mitano Kongresi iliufanyia upya kibali bila kelele, vyama vyote viwili. Mwaka 2023 Chris Smith wa New Jersey, mwenyekiti wa kamati ndogo ya mambo ya Afrika, akaukwamisha kwa hoja kwamba fedha zinafika kwa watetezi wa utoaji mimba. Mtu huyohuyo ndiye aliyebeba muswada wa kuuongeza muda 2018. Kibali kikaisha 30 Septemba 2023. Fedha zenyewe ziliendelea kwa sababu zinapitia bajeti, mlango mwingine, na Machi 2024 wakachomeka nyongeza ya mwaka mmoja tu ndani ya muswada wa bajeti. Mwenyekiti wa kamati ndogo, ambaye watu wa Kisumu au Mbeya hawajawahi kusikia jina lake. Na AGOA, sheria ya kuruhusu bidhaa za Afrika ziingie Marekani bila ushuru, inayobeba viwanda vya nguo vya Athi River, Kenya, iliisha muda 30 Septemba 2025, usiku wa kuamkia serikali kufungwa. Hakuna aliyeipigia kura ya hapana. Muda uliisha tu, ratiba haikuwa na nafasi.

> Na Seneti? Umeiruka kabisa.

Seneti kifupi. Wako 100, muhula miaka sita, na kila mmoja ni mfalme mdogo. Mambo mengi hupita kwa ridhaa ya wote, kwa hiyo mmoja akisema "mimi sitaki" anakwamisha. Tommy Tuberville wa Alabama alizuia vyeo vya mamia ya maafisa wa jeshi karibu mwaka mzima wa 2023, peke yake. Muswada wa kawaida unahitaji kura 60 ili mjadala ufungwe, na 60 ni nadra kupatikana. Njia ya mkato ni muswada wa bajeti unaopita kwa wingi wa kawaida, lakini lazima kila kipengele kihusu fedha kwelikweli, na anayekagua ni mtaalamu wa kanuni, Elizabeth MacDonough, ambaye hakupigiwa kura na mwananchi yeyote. Mwaka 2021 aliondoa kima cha chini cha mshahara cha dola 15 kwa neno lake.

Mwaka 2025 muswada mkubwa wa kodi wa Trump ulipita njia hiyohiyo. Kura ya mwisho iliyokuwa ikitafutwa ni ya Lisa Murkowski wa Alaska. Usiku kucha viongozi wamemzunguka ukumbini. Kipengele cha kuiongezea Alaska fedha za Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, kikakatwa na MacDonough. Wakarekebisha hiki na kile, na ndani ya maandishi ya mwisho kukawa na nafuu ya kodi kwa manahodha wa Alaska wanaovua nyangumi kwa desturi yao: gharama wanazoruhusiwa kukata zikapanda kutoka dola 10,000 hadi 50,000. Tarehe 1 Julai akapiga ndiyo, ikawa 50 kwa 50, Makamu wa Rais Vance akavunja sare. Murkowski akatoka nje akawaambia waandishi kwamba muswada bado haujakaa sawa, na anatumaini Baraza la Wawakilishi litaurekebisha.

Baraza likaupitisha siku mbili baadaye, 218 kwa 214, bila kugusa hata nukta.